Muache mgeni achague sauti (filamu ya kareti imeniaibisha)

Jumapili iliyopita nimeaibishwa na mtoto wa dada yangu, sebuleni kwangu, mbele ya watu wanne. Naandika hili yasikukute na wewe, maana nakujua: una ndoto kama yangu, ya kuwakalisha watu mbele ya filamu ya kareti ya zamani na kuwaona wanainuka wakiwa wamenyamaza kabisa.

Nilichagua The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978, stelingi Gordon Liu, mwongozaji Lau Kar-leung. Ninazo nakala mbili, moja ya Kiingereza, nyingine ya Kichina yenye maandishi chini. Wageni wakaomba ya Kiingereza. Nikakataa. Nikasimama kabisa, rimoti mkononi, nikaanza kuhubiri: hizo sauti za kuingiza ni feki, mdomo umeshafungwa neno bado linatoka, na kila mzee wa hekalu anaongea kama bwana mmoja mwenye mafua. Nataka msikie sauti ya Gordon Liu mwenyewe. Maneno hayo nimeyasema miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyewahi kunipinga.

Mpwa wangu alisubiri nimalize. "Samahani, Mjomba. Hata hiyo ya Kichina imeingizwa sauti."

Nikacheka. Nikaiweka ili nimuumbue. Watu wapo uani, nguo zinapepea, lakini sauti zao zimetulia tuli kama wamefungiwa chumbani. Nikarudisha nyuma mara tatu. Kadiri nilivyorudisha ndivyo ilivyozidi kuwa chumba.

Usiku nikasoma, usingizi ulikuwa umekata. Studio za Hong Kong za enzi hizo, Shaw Brothers wakiwemo, kwa kawaida zilipiga picha bila kurekodi mazungumzo. Sauti ziliwekwa baadaye, na mara nyingi anayeongea siye unayemwona. Mtindo huo uliendelea mpaka miaka ya 1990. Kiingereza nacho kiliingizwa hukohuko Hong Kong, na kikundi kidogo cha wageni walioishi pale, wakitafuta maneno yatakayojaza muda ambao mdomo wa Mchina uko wazi. Ndiyo maana mtu anaweza kutishia kuua halafu akaongezea "eeh" ya ajabu mwishoni. Na ndiyo maana yule bwana wa mafua nimekutana naye kwenye filamu nyingi kiasi hicho. Alikuwa kazini, maskini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: muache mgeni achague sauti. Wa pili: nyamaza. Sina maana upunguze maneno, nina maana unyamaze.

Lililobaki ni picha. Shaw walipiga kwa skrini pana sana, na kanda nyingi za zamani zilikatwa pembeni ili zienee kwenye televisheni. Ukipata nakala hiyo utamwona stelingi anampiga teke mtu asiyekuwepo. Tafuta yenye upana wake wote, mistari myeusi juu na chini isikusumbue. Na ukishaipata, nyamaza.

Filamu yenyewe ilishanisema mapema, tatizo nilikuwa naiangalia kama mwalimu. San Te, yule anayechezwa na Gordon Liu, anaingia hekalu la Shaolin, anaulizwa aanzie chumba gani cha mafunzo, naye anataka cha juu kabisa, cha 35. Hakudumu humo. Anatupwa nje, anarudishwa cha chini, kurukia magogo yanayoelea ili afike penye chakula, na anaanguka majini kila mtu akimwona. Mimi ni huyo. Na wewe unayesoma, uliyetazama filamu sita ukaanza kuwasahihisha watu, ni huyohuyo. Tunapenda chumba cha 35. Hatutaki kulowa. Lau Kar-leung mwenyewe alifundishwa Hung Gar, mtindo mmoja wa kung fu, na baba yake, aliyefundishwa na Lam Sai-wing, mwanafunzi wa Wong Fei-hung, gwiji wa kung fu wa China. Mtu wa ukoo huo ndiye aliyeamua kuonyesha mafunzo kwa muda mrefu kabla ya kisasi, wewe unataka kupeleka mbele ufike kwenye ngumi!

Jana nimerudia. Watu walewale, sauti ya Kiingereza. Walicheka, tena sana, na iliniuma, sitadanganya. Mmoja alikuwa anamwiga bwana wa mafua kila akitokea. Nikauma ulimi.

Kisha kikafika kile kipande cha ndoo. San Te anabeba maji, mikono imenyooshwa pembeni, visu vimefungwa kwenye mikono ya juu, ncha zikielekea mbavuni. Akishusha mkono kidogo tu, kinamchoma. Hakuna mazungumzo ya maana pale, kwa hiyo hapakuwa na cha kuiga. Yule mwigaji alikuwa amenyanyua viwiko vyake mwenyewe kutoka kwenye kochi, kidogo, bila kujijua.

Nilifungua mdomo niwaambie kuhusu Hung Gar. Mpwa wangu akanitazama. Rimoti ilikuwa kwake.