Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mchungwa Usiougua Haujapatikana?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima michungwa hapa Muheza. Nimesikia kwamba mashamba ya Florida, Marekani, yameangamizwa na bakteria. Mahindi na mihogo tunaletewa mbegu kinzani mara kwa mara. Inakuwaje Wamarekani, pamoja na fedha na maabara zao zote, washindwe kuzalisha mchungwa usiougua?
Mkulima, Muheza, Tanga

JIBU: Ndugu mkulima, uliyoyasikia ni kweli. Ugonjwa huo, unaojulikana kimataifa kwa jina la huanglongbing, ulithibitishwa Florida mwaka 2005, miaka 7 baada ya kuonekana huko mdudu mdogo mfyonzaji anayeueneza, Diaphorina citri. Msimu wa 2003/04 jimbo hilo lilivuna takriban maboksi milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2024/25 lilivuna takriban milioni 12. Bakteria hao huishi ndani ya mirija inayosafirisha sukari kutoka kwenye majani, na mirija hiyo inapoziba, mizizi hukosa chakula, matunda hubaki madogo na machungu, na mengi hudondoka kabla ya kuiva.

Ugumu wa kupata mti kinzani unatokana na asili ya mchungwa wenyewe. Mchungwa ulitokana na mchanganyiko wa kale wa balungi na chenza, na aina tunazozitofautisha leo, zikiwemo Valencia na Hamlin, hazikupatikana kwa kuchavushana, bali kwa mabadiliko madogo yaliyojitokeza kwenye matawi, kisha watu wakayachagua na kuyaendeleza kwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo (kitawi) cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Kwa sababu hiyo michungwa yote ni ndugu wa karibu mno, na mzalishaji anayetafuta ukinzani ndani ya ukoo huo hana pa kuupata. Akiuchavusha mchungwa na mti wa jamii nyingine, tunda linalozaliwa si chungwa tena. Isitoshe, mbegu nyingi za chungwa hubeba vijusi vinavyotokana na tishu za mti mama peke yake, hivyo miche mingi inayoota humrudia mama bila kuchukua chochote cha baba. Hata ule mche uliochanganyika kweli huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa tunda la kwanza, na hapo ndipo jaribio la ladha linapoanza. Mkulima wa mahindi anaweza kuona vizazi viwili ndani ya mwaka mmoja. Mzalishaji wa machungwa huenda akastaafu kabla ya kizazi cha tatu.

Hata hivyo, kazi haikusimama. Poncirus trifoliata, jamaa ya mchungwa mwenye miiba mikali na tunda lisilolika kwa uchungu, huustahimili ugonjwa huu vizuri, na Idara ya Kilimo ya Marekani imeutumia kuzalisha mashina ya kubebeshea kama US-942. Shina la namna hiyo huusaidia mti kuendelea kuzaa, lakini haliwazuii bakteria kuingia kupitia majani ya kikonyo. Chuo Kikuu cha Florida nacho kilitoa mwaka 2009 chotara wa jamii ya chenza aitwaye Sugar Belle, ambaye huambukizwa lakini huendelea kukua na kuzaa. Kwangu mimi hayo ni mafanikio makubwa, ingawa hayatoshi kwa kiwanda kinachohitaji juisi ya chungwa halisi.

SWALI: Je, uhandisi jeni hauwezi kuuvuka ugumu huo?
Mwanafunzi wa kilimo, Morogoro

JIBU: Hapo ndipo ninapoona matumaini ya kweli, kwa kuwa njia hiyo huongeza sifa moja bila kulivuruga chungwa lenyewe. Mtafiti Erik Mirkov wa Chuo Kikuu cha Texas A&M aliingiza kwenye michungwa jeni za mchicha wa kizungu zinazotengeneza protini za kujikinga na vijidudu. Katika Chuo Kikuu cha Florida, wengine waliingiza jeni ya NPR1 kutoka mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, ili kuimarisha kinga ya mti.

Kuhariri jeni, yaani kubadilisha jeni za mti wenyewe badala ya kuingiza za kigeni, kumezaa matunda zaidi dhidi ya ugonjwa mwingine wa bakteria, kansa ya michungwa. Bakteria wa kansa huiwasha jeni ya mti iitwayo LOB1 ili wapate kutengeneza vidonda, na kikundi cha Nian Wang, huko huko Florida, kiliihariri sehemu wanayoishikilia, mti ukawa kinzani. Huanglongbing haina mlango mmoja wa wazi namna hiyo. Mwaka 2022 kikundi hicho kilionesha kwamba sehemu kubwa ya madhara husababishwa na mti wenyewe unapopambana na bakteria kupita kiasi hadi kuziua seli zake. Kwa hiyo huenda uhariri ukahitajika kuutuliza mti badala ya kuuongezea silaha. Jambo jingine linalochelewesha utafiti ni kwamba bakteria hao ni wagumu mno kuoteshwa maabara, hivyo karibu kila wazo hulazimika kujaribiwa kwenye mti hai.

SWALI: Je, sisi wa Tanga tuna sababu ya kuhofu?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Ndiyo. Aina ya Kiafrika ya ugonjwa huu hupendelea nyanda za juu zenye baridi, na joto la tambarare limekuwa kinga kwenu. Aina ya Asia hustahimili joto, na mdudu wake, yule yule Diaphorina citri wa Florida, ameshaonekana Tanzania. Msinunue miche wala vikonyo visivyojulikana vilikotoka, na msisafirishe mimea jamaa ya michungwa inayopandwa kwa ajili ya ua au kiungo. Mkiona jani lenye mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati, msidhani mara moja kuwa ni upungufu wa zinki, kwa kuwa upungufu huo kwa kawaida hulingana pande zote. Mwiteni afisa ugani, naye awasiliane na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ili jani lipimwe.