Lile blanketi, na kazi yako mpya

Kamachumu, Jumapili jioni

Mwanangu, mama,

Ujumbe wako tumeusoma, mama yako akiwa amevaa miwani yangu. Tumeelewa: Jumatatu ijayo unaanza kazi kwenye shamba la viungo kule Mkuyuni, milimani Uluguru, na wamekukabidhi chumba cha kukaushia vanila. Umeuliza jambo moja tu. Ukifika, uwaambie kwamba vanila umekulia ndani yake, au unyamaze ujifunze kwao?

Nitajibu. Ila ngoja kwanza nipite mwaka 2018, maana mama yako akisikia neno vanila hadi leo anatupia jicho kabatini.

Mwaka ule bei ya dunia ilifika kama dola 600 kwa kilo moja ya vanila kavu. Redioni wakasema imeipita bei ya madini ya fedha. Unakumbuka mimi na kaka yako tulivyolala kibanjani kwa zamu, tochi na panga mkononi. Wachuuzi walipita na mizani zao wakitaka mbichi, na kijiji kizima kikawauzia mbichi. Mimi nikasimama pale dukani, mbele ya watu, nikasema siuzi mbichi, nitakausha mwenyewe. Bibi jirani, yule aliyekuwa akikuwekea senene, aliwahi kukaushia watu vanila miaka mingi. Akaniuliza, "Unajua?" Nikamjibu najua. Hakuuliza tena.

Nilichuma ncha zikiwa bado za kijani, kwa kuogopa wezi. Tunda la vanila linataka miezi kama tisa tangu ua lichavushwe; yangu hata minane hayakufika. Maji ya kuyachovya, bwana shamba alishatuambia: nyuzi 63 hadi 65, dakika tatu basi. Kipimajoto sikuwa nacho. Nikatia kidole. Kidole kikasema sawa. Nikayafunga yote kwenye blanketi la harusi la mama yako, bila kumuuliza. Hilo ndilo linalomuuma, wala si vanila.

Lakini mwanangu, harufu! Ilitoka mpaka barabarani. Watu wakienda kanisani walikuwa wanapunguza mwendo. Nilikaa uani siku tisa nikiwa tajiri, nimeshalipia ada zenu zote na kuezeka upya.

Baada ya blanketi ni jua, saa chache kila siku, unayafunga tena yakiwa ya moto, wiki na wiki. Halafu kivulini. Halafu sandukuni miezi, unafungua kukagua na kutoa yaliyoharibika. Haya yote wewe sasa unayajua kuliko mimi. Mimi nilitia sandukuni wiki ya tatu. Nilipofunua, ukungu mweupe, juu hadi chini. Kilo 36 mbichi, ambazo zingenipa kama sita kavu. Nikazifukia usiku nyuma ya migomba. Asubuhi Bibi akapita, akanusa, akanisalimia vizuri tu, akaenda zake. Afadhali angenicheka.

Siku zote nimewaambia: mkono hujua kabla ya mdomo. Nasema tena. Vanila iliyokauka sawasawa unaizungusha kidoleni kama pete, haikatiki, ukiiachia inajinyoosha taratibu. SUA, kile chuo cha kilimo, hawawezi kukuandikia hilo ubaoni. Sasa utasema, baba, si ni mkono huohuo uliotia kwenye maji ukakudanganya? Ndiyo. Nimelifikiria sana hilo. Naona mkono ule ulikuwa umeshaambiwa na mdomo cha kusema, tangu kule dukani.

Kwa hiyo unyamaze? Hapo nasita. Yule mtoto wa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, alikuwa mtumwa wa miaka 12 mwaka 1841 alipoonyesha jinsi ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Ndivyo ulivyofanya wewe kila asubuhi kabla ya shule, maana ua lile likifunguka alfajiri, mchana limekwisha. Baadaye msomi mmoja wa mimea akadai kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Albius alikufa maskini mwaka 1880. Na wewe je, pale kiwandani Dar? Miaka mitatu ulinyamaza, na kijana uliyemfundisha kazi akawa bosi wako. Mama yako alilia. Mimi nilijifanya nasoma gazeti.

Mama yako anasema niandike neno moja tu, ndiyo au hapana, nimpe simu yake. Siandiki. Wewe ni mtu mzima, na watu wa huko siwajui. Ningekuwa mimi, ningetafuta kwanza nani pale ni mkaushaji wa zamani, maana hakosekani, na mara nyingi analipwa kidogo kuliko wote. Ningemkalia karibu wiki mbili nione anavyoshika. Halafu ndipo... Basi, nimeshasema zaidi ya nilivyokusudia.

Kile kipimajoto nilinunua mwaka uliofuata. Sijakitumia, kiko kwenye karatasi yake. Nimempa kondakta wa basi la Alhamisi. Kipokee stendi ya Msamvu, umpe chochote cha soda. Na mama yako amenituma nikuambie kwamba blanketi halitoki humu ndani.

Baba yako