Mwanangu, umeniuliza tunapata nini Makunduchi

Makunduchi, Unguja, mwezi wa Muharram

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Barua yako mtoto wa jirani alinisomea kwenye simu, kisha nikavaa miwani nikairudia mwenyewe mara mbili. Sikutaka kukujibu kwa kupiga simu, maana mtandao ungekatika tukiwa katikati ya maneno.

Umeniandikia kwamba daktari huko Dar amekupima presha siku mbili mbalimbali akakuta 150 kwa 95, akakupa vidonge. Usingizi hauji mpaka saa nane za usiku. Januari ulijiandikia maazimio ukayabandika kwenye friji: kukimbia, kuacha soda, kulala mapema, kuswali kwa wakati. Machi ikakukuta umeshayabandua. Sasa Muharram imeandama, umefunga Tasua na Ashura, na kifua bado kizito. Ndipo ukaniuliza: "Mama, wewe kila mwaka unakwenda pwani kuoga Mwaka, hiyo sikukuu yenu ya mwaka mpya wa Nairuzi, na wenzangu msikitini wananiambia ule ni ushirikina. Mnapata nini pale?"

Kwanza la vidonge, kwa sababu nimevaa sare ya uuguzi miaka 31 na hili siliachi lipite. Meza kama ulivyoandikiwa, hata siku unayojisikia mzima. Nimewapokea watu waliojiona wamepona wakaacha dawa, wakaletwa juu ya kitanda cha kamba upande mmoja wa mwili umelala. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na ukumbuke kwamba iliyomo kwenye mkate na chipsi nayo inahesabiwa. Tembea nusu saa, siku tano kwa wiki, huna haja ya viatu vya bei. Hayo hayana mjadala.

Sasa la Mwaka.

Sisi watu wa visiwani mwaka hutuingia mara tatu. Januari ni ya ofisi, mishahara na skuli. Muharram ni ya dini, inafuata mwezi, siku 354 au 355, ndiyo maana kila ukiangalia imesogea nyuma siku kumi na moja hivi. Na Nairuzi ni ya jua, siku 365 kamili, imetufikia kutoka Uajemi. Jina lenyewe ni lile lile Nowruz lao. Wazee waliihesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi, miongo 36, kisha siku tano za kujazia. Babu yako alijua mwongo wa kupanda na mwongo wa kuipandisha ngalawa pwani, na ukutani kwake hamkuwa na kalenda. Hesabu hiyo haina siku ya nyongeza ya kila mwaka wa nne, kwa hiyo nayo hurudi nyuma, siku moja kila miaka minne. Bibi yangu aliuoga Mwaka mwezi wa Agosti. Mimi nauoga Julai.

Huo wa Muharram umeufunga, Mungu akutakabalie. Lakini hebu fikiri unahesabu tangu nini. Sayyidna Umar na masahaba walipokaa kutafuta pa kuanzia hesabu ya miaka, hawakuchukua siku aliyozaliwa Mtume (s.a.w.) wala siku aliyofariki. Walichukua Hijra, mwaka 622. Na Mtume alipofika Madina, katika mambo yake ya mwanzo ni kuwaunganisha udugu waliohama na wenyeji, mtu na mtu, hata wapo wenyeji waliotaka kugawana mali zao na wageni nusu kwa nusu. Mwaka wetu unaanzia pale watu walipopewa ndugu. Mimi sijaona mahali palipoandikwa kwamba unaanza kwa mtu kujifungia peke yake na karatasi ya mambo kumi.

Wenzako wa msikitini usiwatukane. Wanakuhofia, na hofu yao ina asili. Yapo yanayofanywa na baadhi ya wazee huko kwenye mizimu ambayo mimi siyaendei, wala babu yako hakuyaendea, naye alisomesha chuo miaka arobaini. Anayeombwa ni Mungu peke yake. Mtu akiniambia kwamba moto wa kibanda kinachochomwa siku ile ndio unaokilinda kijiji, nitamkatalia mbele ya watu. Lakini babu yako huyo huyo alikuwa akishaswali alfajiri na kumaliza nyiradi zake, anateremka pwani kuoga kwa bismillahi, halafu anakwenda uwanjani kuwasimamia vijana wanaopigana kwa mabua ya migomba. Nakumbuka sauti yake: "Usoni hapana! Mtume amekataza uso!"

Mimi nilianza kupelekwa pwani nikiwa na miaka sita. Bibi alinishika mkono kungali giza, maji yamekupwa yamekwenda mbali, tunakanyaga mchanga wenye mikunjo migumu kama mgongo wa mkeka. Upepo wa kusi ulikuwa unakata. Tulipofika maji ya magoti alinikalisha, akachukua mchanga laini akanisugua nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, kwenye nyayo, bila haraka, kama anayesafisha sufuria ya harusi. Kila akisugua anataja jina la mtu. Nilidhani ni dua za wakubwa. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikafahamu kwamba alikuwa akitaja waliomuudhi mwaka ule na kuwasamehe mmoja mmoja, na mwisho akataja waliokuwa na haki ya kumlaumu yeye. Hao aliwapitia majumbani kabla ya jua kupanda, kanga yake bado inachuruzika maji ya chumvi, na mimi nyuma yake natetemeka.

Uwanjani nako unakujua kidogo tu, ulikwenda kusoma bara ukiwa mdogo. Vijana wa upande huu na wa upande ule wanapigana kwa mabua ya migomba. Bua bichi limejaa maji. Likikupata mgongoni linapasuka, maji yanakurukia mpaka kisogoni, na kishindo kinazidi maumivu. Mwenye kinyongo na mwenzake humtafuta pale, na kwa desturi wakishachoka wanapeana mikono na shauri linabaki uwanjani. Kisha kinatiwa moto kibanda cha makuti na mzee yumo ndani. Anachomoka mbio makuti yakiwaka, watu wanapiga kelele. Wazee husema maana yake ni kwamba nyumba ikiungua mwaka huo, roho ya mtu isipotee. Mimi huwa natazama nyuso za watu wakati ule. Kijiji kizima, na waliogombana wamo, kinatazama mlango mmoja kuona kama yule mzee ametoka.

Sisi wanawake hatushiki mabua, tunaimba. Na nyimbo zile, mwanangu, si za kubembelezea watoto. Mtu hutupiwa lake mbele ya halaiki, akajibu.

Sijapata kukusimulia yaliyonipata mimi na shangazi yako mwaka 1987. Nilikuwa kijumbe wa upatu wa wanawake kumi. Mwezi wa zamu yake fedha zikapungua, akasema nimekula. Ukweli ni kwamba mmoja wetu hakuwa na cha kutoa. Mumewe alikuwa mgonjwa, akanilia nimsitiri, nami nikaapa sitamtaja. Basi nikabeba jina la wizi. Karibu miaka miwili mimi na wifi yangu tulichota kisima kimoja bila salamu. Nikifika mimi, yeye anabeba ndoo yake hata kama haijajaa. Na ule ndio wakati niliokuwa nikiwapima watu presha mchana, usiku mimi mwenyewe nalala nimekodoa macho, moyo unagonga masikioni. Mwenzangu wa kazi akanipima siku moja kwa nguvu. Sikutaka kuiona ile namba.

Mwaka ulipofika tukajikuta safu moja, tumevaa kanga mpya, vikuba vya asumini kifuani. Ngoma ilipopanda akatoka mbele akanigeukia:

Waliokula vya watu
leo wavaa dhahabu.

Mkononi nilikuwa na bangili moja ya mama yangu. Wanawake wakapiga vigelegele, wakanisukuma mbele. Nikamjibu:

Anayehesabu vyangu
chake chaliwa na panya.

Tukaendelea hivyo, yeye akitupa, mimi nikirudisha, mpaka jasho likatutoka na sauti zikakauka. Sijui ni ubeti wa ngapi alipoanza kuimba akashindwa, kicheko kikamkata, na mimi kikanikata. Tukawa tumeshikana mabega kwa kucheka, machozi yanatutoka, na wenzetu wanatuimbia. Akachomoa kikuba chake akanichomeka mimi kifuani. Jioni alikuja nyumbani kwangu na bakuli la boko boko, akala na sisi, maana hapa kila nyumba lazima ipate mgeni siku ile. Hakuniuliza tena fedha zimekwenda wapi. Nilimlipa kidogo kidogo mpaka zikaisha, na yule mwenye kudaiwa sijamtaja mpaka leo.

Hicho ndicho ninachokipata pale. Siku moja katika mwaka ambayo imekubaliwa na kijiji kizima kwamba jambo lililokukaa rohoni unaweza kulitoa kwa sauti, mbele ya watu wanaokupenda nyote wawili, likafika mwisho.

Sasa nakuja kwako. Barua yako ni ndefu, umetaja chumvi, soda, viatu, daktari, imamu, hata foleni ya Ubungo. Kaka yako hukumtaja hata mara moja.

Najua aliuza ngalawa ya marehemu baba yenu na wewe ulikuwa ukituma fedha za kuitengeneza. Kosa ni lake, nimemwambia mbele ya ami yenu mkubwa, na hakulikana. Sikuombi useme kwamba halikukuuma. Ile ngalawa ndiyo uliyojifunzia kushika tanga. Hata mimi nilipoambiwa imekwenda nilikaa kwenye ukumbi nikashindwa kupika. Lakini mwaka wa tatu huu. Mlikutana kwenye maziko ya mama wa jirani yetu mkasimama safu mbili mbali mbali, na watu wakaona, na mimi nikaona watu wanaona.

Wewe umesoma dini kuliko mimi. Unaijua hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba si halali kwa Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, wanakutana huyu anageuza uso na huyu anageuza uso, na mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Haikusema aanze mwenye kosa. Nimeitafakari sana hiyo usiku, nikitazama vile vitanda vyenu viwili. Wenzako wanaokuonya na bua la mgomba, muulize mmoja wao kuhusu hili pia, kwa adabu.

Siahidi kwamba ukipatana naye kipimo kitashuka. Ningekuwa nakudanganya, na presha ina njia nyingi. Baba yako alikuwa nayo na hakuwa na ugomvi na mtu. Ninachokijua kwa yaliyonipata ni usingizi. Usiku ule wa boko boko nililala mpaka nikaamshwa na adhana.

Basi fanya hivi, kama unaweza. Omba ruhusa kazini siku nne. Panda boti ufike hapa siku ya Kibunzi, ndiyo siku ya kuuaga mwaka, tule pamoja usiku. Alfajiri tuswali, halafu nikupeleke pwani, na huko mizimuni hatutapita. Uwanjani kama hutaki kwenda, kaa na mimi ukumbini, kaka yako atapita tu, kila mwaka anapita kuniletea samaki. Sijamwambia kwamba unakuja, wala sikulazimishi umwambie. Ila ukitaka kwenda uwanjani, migomba ya nyuma ya jiko nimeikataza isikatwe mpaka siku hiyo, na ina mabua manene, mabichi, ya kukutosheni wawili.

Mwaka jana mgeni wangu alikuwa kijana mmoja wa Kibweni aliyekosa gari la kurudia mjini. Mwaka huu shangazi yako kaniuliza nitampata nani, nikamwambia sitafuti.

Njoo na vidonge vyako, na sweta. Kipupwe kimeanza, na asubuhi maji ni baridi.

Mama yako