Viatu vya gofu kulowa: angalia maji yanapoingilia

Ndugu, umesema viatu vyako viliuzwa kama haviingizi maji, lakini ukicheza Kericho msimu wa mvua, kufika shimo la sita soksi ukizikamua zinatiririka, na katikati ya vidole kunawasha. Usikimbilie kununua vingine. Mara nyingi maji hayapiti kwenye soli. Nyasi ndefu za pembeni zinalowesha suruali, suruali inalowesha soksi, na soksi inayavuta maji hadi vidoleni kama utambi wa koroboi. Hata utando wa Gore-Tex, ule wa ndani ya kiatu unaozuia maji kupenya, hausaidii kitu maji yakiingilia mdomoni mwa kiatu.

Kwa hiyo vaa suruali ya mvua ambayo upindo wake unafunika mdomo wa kiatu kwa nje, usiichomeke ndani. Soksi za pamba achana nazo. Za sufu hata zikilowa bado zina joto kiasi. Beba jozi ya pili kwenye mfuko wa plastiki, ubadilishe baada ya shimo la tisa, na ujifute vidole kwanza. (Wenzako watacheka. Waache.)

Nyumbani toa soli za ndani, jaza magazeti, yabadilishe yakilowa. Usivianike karibu na jiko: gundi inaachia na ngozi inapasuka.

Huo muwasho ulioutaja katikati ya vidole unafanana na fangasi. Dawa ya kupaka kutoka duka la dawa mara nyingi hutosha, ila kama una kisukari, au pameanza kuvimba, nenda kwa daktari. Na ukisikia radi, mambo ya soksi yaache, toka uwanjani.