Mbinguni: tunapanda sisi au anashuka Mungu?
Ndugu, umeuliza kama tutapanda mbinguni tukae huko milele. Soma Ufunuo 21 polepole. Mstari wa 2 mji, Yerusalemu Mpya, unashuka kutoka mbinguni; wa 3, maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu. Kisha angalia vipimo vya mji (mstari wa 16): urefu, upana na kimo ni sawa, kama kilomita 2,200 kila upande. Ndivyo palivyokuwa Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa cha hekalu la Sulemani, dhiraa 20 kwa 20 kwa 20 (1 Wafalme 6:20). Mle aliingia kuhani mkuu tu, mara moja kwa mwaka. Sasa mji mzima ndio chumba kile, ndiyo maana Yohana, mwandishi wa Ufunuo, haoni hekalu humo (mstari wa 22). Wengi huishia Wafilipi 1:23, kukaa na Kristo baada ya kufa, wakasahau kwamba ufufuo wa mwili bado unakuja (1 Wakorintho 15).