Mifupa ya baba mkubwa aliyekuwa askari imepatikana. Tumzike namna gani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Baba padri. Hapa Kadutu, mjini Bukavu, mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba wamekuta mifupa ya mtu, na pembeni bakuli la bati lililochorwa kwa msumari jina la baba yangu mkubwa. Alikuwa askari wa ANC, jeshi la taifa la Kongo la wakati ule, akapotea katika vita vya mamluki vya 1967. Kifuani kulikuwa na hirizi ya ngozi. Shangazi anasema roho yake imetangatanga, tuchinje kwanza mbuzi pale shimoni. Wengine wanasema mwenye hirizi haombewi misa. Tufanyeje? Mama wa Bukavu.

JIBU: Milele na milele, amina. Poleni sana, mama. Mamluki wa Mbelgiji Jean Schramme walishika mji huu tangu Agosti hadi mwanzo wa Novemba mwaka ule, na katika fujo ile haishangazi mtu kufukiwa palepale alipoangukia.

Misa ataombewa. Someni Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda Mmakabayo, kiongozi wa jeshi la Wayahudi, alirudi vitani na watu wake kuokota miili ya wenzao, wapate kuwazika pamoja na ndugu zao katika makaburi ya baba zao. Chini ya kanzu za wale wafu wakakuta vitu vya sanamu za mji wa Yamnia, ambavyo sheria iliwakataza. Yuda angeweza kuwaacha mbwa wawale. Hakufanya hivyo. Aliomba dhambi ile ifutwe kabisa, kisha akachanga drakma elfu mbili hivi za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili yao. Hirizi ya baba mkubwa basi ni sababu ya kumwombea zaidi. Kijana anayesikia risasi zinakaribia hushika chochote alichopewa nyumbani; Mungu anaujua woga wake.

Kuhusu mbuzi, hapana. Mwambieni shangazi kwa upole, maana amelia miaka mingi bila kaburi: Mungu hakumpoteza kaka yake hata siku moja. Mbuzi achinjwe nyumbani, wageni wa matanga wale.

Kabla ya kuinua mifupa, itaarifuni ofisi ya serikali ya komuni na polisi. Kisha isafisheni, ifungeni kwa sanda nyeupe, iwekeni yote katika sanduku moja. Mtu asibaki na kipande, iwe kwa ukumbusho au kwa dawa. Kanisa linaruhusu misa ya marehemu kwa maziko ya mwisho hata siku za juma, isipokuwa Jumatano ya Majivu na siku za Juma Kuu. Askari wakija na bendera na tarumbeta, wapokeeni kwa heshima. Ila asisimame mtu kuwalaani waliompiga risasi: wajukuu zao wanaweza kuwa wanasali katika parokia yenu.

Hirizi mpelekeeni paroko, aichome. Bakuli abaki nalo shangazi.