Jibu: Nilimbeza Hyman, nilikosea wapi?

Habari mkuu. Unasema mwaka 2021 uliona Edmonton Oilers, timu ya hoki ya barafuni kwenye ligi ya NHL, wamepigwa kumpa mshambuliaji Zach Hyman mkataba wa miaka 7 kwa dola milioni 5.5 kila mwaka, halafu msimu wa 2023–24 akatupia mabao 54. Ulihesabu tu mabao aliyofunga Toronto, timu yake ya zamani. Anza na anaposimama: puani mwa kipa, anakula viwiko, fimbo imelala kwenye barafu, kipa akitema kile kisahani cha mpira, yeye anasukumia ndani. Kisha tazama anayemlisha. Kule Edmonton anapikiwa na mwenzake Connor McDavid, na mabao ya karibu hivyo hayaji bila mpishi. Hofu ya umri, 29 wakati ule, ilikuwa halali, ila kazi yake haitegemei mbio.